Nilivyomfunga Mdomo Kasisi

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mtu kama mimi anastahili viboko, tena kanisani, mbele ya wazee. Ndugu yangu, subiri kidogo. Ungejua yaliyonikuta wiki hii ungeweka viboko chini ukaniletea mkeka.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Wanis, mpika asali ya miwa wa kijiji cha Nazlat Sidarus, huku Minya. Miaka mitatu iliyopita niliandika barua isiyo na jina nikaisukuma chini ya mlango wa kasisi wetu, Abuna Mityas. Ilisema kwamba Labibu, mwalimu wa hesabu aliyekuwa mchumba wa Nardini, binti wa Abuna, ameshamvisha pete binti mwingine kule Asyut.

Uongo mtupu. Nardini nilimtaka mimi.

Labibu alipoulizwa hakujitetea hata kwa sentensi moja. Aliivua pete, akaiweka mezani kando ya birika la chai, akaenda zake monasteri, mlimani. Mwaka huu Nardini amenikubali mimi, na uchumba wetu utabarikiwa baada ya Pasaka. Kila nilichokitaka nimekipata, isipokuwa usingizi.

Mara ya mwisho mliniacha mlangoni mwa kanisa, siku ya Jumanne, Abuna amenikamata mkono na kuapa kwamba siendi popote mpaka niungame.

"Miaka mitatu hujagusa komunyo," akasema. "Kila Jumapili unasema huwezi, umekunywa chai asubuhi. Hiyo chai yako, Wanis, inaijua kalenda ya kanisa kuliko mashemasi."

"Ni kichwa, Abuna. Bila chai kinanigonga."

"Leo ni Kwaresima. Mpaka saa hii hujaonja hata maji. Njoo."

Sasa hapa mnielewe. Kwetu mtu haungami kwa kasisi yeyote anayepita njiani. Unaye baba yako wa kuungama, mmoja, tangu utotoni, na kumbadilisha bila ruhusa yake ni kama kubadilisha mama. Tena makasisi wetu wana wake na watoto. Basi jumlisha mwenyewe: baba yangu wa kuungama ni yuleyule baba wa mchumba wangu.

Nilikuwa nimeliona jambo hilo kama mtego. Lakini pale nilipokaa naye kwenye benchi, goti kwa goti, nikaliona kwa jicho lingine. Anachokisikia kasisi kwenye kuungama hakitoki. Hawezi kumwambia mkewe, hawezi kumwambia binti yake, hawezi kukitumia kuvunja uchumba, hawezi hata kuninyima kikombe cha chai kwa sababu yake. Siku ile barua ikija kujulikana, wa kunifukuza ni nani? Ni yeye. Na nikimwambia mwenyewe, hapa, kwenye benchi hili, nimemfunga mdomo mpaka kaburini.

Nilifurahi, jamani. Nilijiona wakili.

"Abuna," nikasema, "ile barua ya Labibu niliandika mimi."

Alikuwa ameshika ule msalaba mdogo wa chuma ambao humwekea mtu kichwani anapomsomea maondoleo ya dhambi. Mkono ulikuwa umeanza kupanda. Ukasimama hewani.

"Rudia."

Nikarudia.

"Na unajuta?"

"Si nimekwambia, Abuna."

"Sijakuuliza kama umeniambia."

Kusema ukweli nilikuwa nawaza kama maharage ya nyumbani yameshaiva.

Mkono ukashuka. Msalaba haukunigusa. Abuna akainuka polepole, kama mtu aliyetwishwa gunia bila kuambiwa lina nini, akaenda zake bila kuniaga.

Mimi nikatoka nikipiga mluzi.

Nilidhani siku hiyo nitalala. Wapi. Niligeuka kitandani kama andazi kwenye mafuta. Miguu ilikuwa inatembea yenyewe chini ya blanketi, inakwenda huko inakokujua. Jumatano vilevile.

Alhamisi mchana niko kwenye masufuria, nakoroga, mara naona Tasoni Hana anakatiza katikati ya marundo ya miwa. Tasoni ni mke wa Abuna; ndivyo tunavyowaita wake wa makasisi.

"Wanis, mwanangu," akasema, "umemfanya nini mzee wangu?"

Upawa ulitaka kunitoka. "Mimi, Tasoni?"

"Tangu Jumanne hali chakula. Mfungo naujua, simlaumu kwa mfungo. Lakini hata saa ya kula ikifika anaitazama sahani kama anaisomea mazishi. Nikimuuliza, anasema tumbo. Miaka thelathini na moja nimeishi na hilo tumbo, nalijua. Silo."

"Labda uchovu. Ibada za Kwaresima ni ndefu."

"Halafu kila nikitaja jina lako anatoka kwenda kumnywesha mbuzi. Mbuzi mwenyewe sasa akimwona anamkimbia."

"Akina baba wako hivyo, Tasoni. Binti akitaka kuondoka, wanaugua."

Akanitazama. Wake wa makasisi wana macho. "Na wewe macho mbona mekundu?"

"Moshi."

"Moshi ulianza lini kukondesha watu?"

Akachukua mtungi wake wa asali akaenda. Nilibaki nakoroga hewa. Nilikuwa nimedhani mzigo ule nimempa mtu mwingine aubebe. Kumbe wangu ulikuwa palepale mgongoni, na yeye nilimtwika wa kwake. Usingizi uliokosekana nyumba moja, sasa ulikosekana nyumba mbili.

Hata hivyo sikufanya lolote. Nataka mjue hilo. Nilisema moyoni: mzee atazoea.

Ijumaa tukaenda misa ya mchana. Nilisimama kwenye nguzo ya mwisho, karibu na mlango, mahali pa sisi tuliokunywa chai. Nardini alikuwa upande wa wanawake, shela jeupe kichwani, hakunitazama kwa sababu alijua namtazama.

Kabla ya kuanza kutolea sadaka, kasisi wetu hutoka nje ya pazia la madhabahu, akawainamia waumini na kuwaomba msamaha, kwa sababu haruhusiwi kuugusa mkate ule akiwa na kinyongo na mtu. Ni jambo la mara moja. Huchukua muda mfupi kuliko chafya. Maisha yangu yote nimeliona na sijawahi kuliangalia.

Siku hiyo Abuna akatoka, akainama, akainuka. Hakurudi.

Alisimama pale. Mashemasi wakatazamana. Mmoja akaanza kuimba ili kuziba pengo, mwenzake akamkanyaga mguu.

Kisha Abuna akashuka ngazi, miguu mitupu, akapita katikati ya wanaume. Watu wakampisha. Alikuwa anakuja kwenye nguzo ya mwisho.

Niliutafuta mlango. Bwana mmoja mnene alikuwa ameuziba wote.

Abuna akapiga magoti mbele yangu. Mzee wa miaka sitini na tano, joho jeupe la ibada, akalaza paji la uso sakafuni, kwenye ncha za viatu vyangu vyenye matope ya miwa. Halafu akainua kichwa, akaniambia kwa sauti ambayo tuliisikia mimi na nguzo tu:

"Nisamehe, mwanangu. Siku tatu nimekuchukia. Siwezi kuugusa mkate wa Bwana nikiwa hivi."

"Abuna, inuka. Watu wanatazama."

"Waache watazame. Nisamehe nirudi kazini."

"Lakini mimi ndiye niliye..."

"Nakujua wewe ni nani. Sikuja kukudai kitu. Nimekuja kuomba."

Mnanijua. Mimi sikosi neno. Kwenye mazishi ya mjomba wangu niliwachekesha wabeba jeneza. Siku ile nilitafuta mzaha wowote, hata mbovu, sikupata. Mtu niliyemwaibishia binti yake ndiye aliyekuwa chini, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama.

"Nimekusamehe," nikasema.

Akainuka, magoti yakalia, akanibusu kichwani akarudi nyuma ya pazia. Misa ikaendelea. Mimi niliiegemea nguzo, na kwa mara ya kwanza tangu ile barua nikasali. Haikuwa sala ya kitabuni. Ilikuwa hivi: Bwana, ni mimi. Ni mimi. Sina lingine la kusema, ni mimi.

Watu walipokwisha kuondoka nikamfuata kwenye benchi.

"Abuna, nimerudi."

"Kuna ulichosahau?"

"Nilisahau kutubu."

Nikamwambia upya, mara hii bila uwakili. Jinsi nilivyoiandika barua kwa mkono wa kushoto. Jinsi nilivyocheka. Jinsi nilivyokuja kuungama ili nimfunge mdomo. Hapo akafumba macho kidogo, lakini hakunikatiza.

"Na sasa nakufungua," nikamalizia. "Mwambie Nardini. Mwambie Tasoni. Nakuruhusu."

"Kamba hiyo si yako, huwezi kuifungua. Mdomo ulio huru ni wako peke yake."

"Nikimwambia nitampoteza."

"Huenda."

"Basi niambie, Abuna, kipi kinaanza? Nimwambie ndipo nisamehewe, au nisamehewe ndipo nimwambie?"

Akakuna ndevu. "Ukienda kwa Nardini kutafuta pumziko utamwelemea, na yeye hana la kukupa. Lipokee hapa, uende nalo."

"Ni rahisi hivyo?"

"Nani kasema rahisi? Unaona nilivyokonda? Siku tatu nilijaribu kukubeba mwenyewe. Mimi si wa kubeba hayo, Wanis. Pale sakafuni nilikuweka chini, nikamwachia Kristo, maana yeye alikwisha kukubeba kabla yangu mimi. Nawe jiachie. Acha kujishikilia."

Mkono ukapanda. Mara hii haukusimama. Msalaba ulikuwa wa baridi, mzito kuliko nilivyoukumbuka. Nilikuwa nimejiandaa kulia, au kuona nuru kama wanavyosimulia akina mama. Alipofika katikati ya sala, kilichokuja ni mwayo.

"Samahani, Abuna."

"Piga tu," akasema, naye akapiga wake.

Nililala palepale, kwenye mkeka wa mashemasi, na viatu miguuni. Nililala kama jiwe lililotupwa kisimani. Nilipoamka jua lilikuwa limefika kwenye dirisha la magharibi, na mtu alikuwa amenifunika shali. Nilibaki nimelala nikilitazama lile dirisha. Miguu ilikuwa imetulia. Hofu ilikuwepo bado, maana nilijua naenda kumpoteza Nardini. Lakini ilikuwa hofu ya mtu aliyelala, na niwaambie, hiyo ina tofauti kubwa na ile nyingine.

Nyumba ya Abuna iko ubavuni mwa kanisa. Nardini alikuwa uani, sinia la maharage mapajani, anachambua.

"Nasikia umegeuza kanisa kuwa nyumba ya wageni," akasema bila kuinua macho. "Na baba karudi, kala sahani mbili. Mama anawashukuru watakatifu kwa zamu."

"Nardini, weka sinia chini."

"Ya nini? Nasikia vizuri zaidi nikichambua."

"Ile barua ya Labibu..."

"Uliandika wewe."

Kijiwe kimoja kikalia kwenye sinia.

"Abuna kakwambia?"

"Baba? Baba hata umchome moto hasemi. Nilijua tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeiokota mlangoni, nikaiweka mezani. Kulipokucha sisimizi walikuwa wamejipanga juu yake kama wanakwenda hija. Wanis, kijiji kizima hiki, ni nani mwingine anaandika barua ikaliwa na sisimizi?"

Nikavitazama vidole vyangu. Miaka mitatu nilijisifu kwa kuandika kwa mkono wa kushoto.

"Nikawapangusa," akaendelea, "nikaisoma, nikampa baba. Nilijua ni wewe na nilijua ni uongo. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Labibu ni mtu mwema, na mimi nikikaa naye nusu saa nilikuwa naomba mvua inyeshe nipate kisingizio cha kwenda kuanua nguo. Na huku kwetu mvua hainyeshi."

Nilitaka kucheka. Yeye hakuwa anacheka.

"Leo umelala," akasema. "Nilikuja na shali nikakuona, mdomo wazi, kama umezaliwa leo. Nikakuonea wivu mpaka nikaona aibu. Mimi baba yangu wa kuungama yuko kijiji cha pili. Kila mwezi naenda kumwambia nimemjibu mama vibaya. Basi. Hilo tu. Miaka mitatu namjibu mama vibaya."

"Nenda ukamwambie yote."

"Nitaenda. Lakini Labibu anavishwa nguo nyeusi za utawa keshokutwa. Jumapili watamlaza mbele ya madhabahu, watamfunika pazia, watamsomea sala za maiti, na atainuka na jina jingine. Baada ya hapo hakuna tena Labibu wa kumwomba radhi. Twende kesho."

"Akikasirika?"

"Ni haki yake. Na mimi pia nina la kumwambia." Sasa ndipo alipoweka sinia chini. "Sikiliza. Akisema kwamba alikimbilia kule kwa sababu yetu, na kwamba anataka kurudi nyumbani, mimi neno langu la kwanza nilimpa yeye."

"Yule wa mvua?"

"Yule wa mvua."

Wiki moja nyuma ningekwenda kutoboa magurudumu ya kila gari la kijiji. Sasa nilisimama pale uani nikasema moyoni: Bwana, hili pumziko umenipa leo hii hii, mbona umelitwika kazi mapema hivi. Kisha nikamwambia Nardini sawa.

Jumamosi asubuhi tukapanda gari la mizigo, Tasoni Hana katikati yetu, maana binti wa kasisi haendi safari na mchumba hivi hivi. Yeye alidhani tunakwenda kuombewa baraka. Njia nzima alitusimulia harusi yake. Kila alipotaja taji la bwana harusi Nardini aliangalia dirishani.

Tulipofika monasteri, Tasoni akaenda kuwasalimu watakatifu kwenye picha zao. Sisi tukaelekezwa jikoni.

Labibu alikuwa anaosha dengu. Ndevu zimefika kifuani, kanzu ya buluu ya wale ambao bado hawajavishwa nyeusi, mikono ya mwalimu imekuwa mikono ya mkulima. Alituona. Hakushangaa. Akakung'uta maji vidoleni.

"Mmekuja kunizuia," akasema, "au kunizika?"

Nardini akanitazama. Miguu ilitaka kuanza ule mwendo wake wa zamani. Nikaikataza, nikasogea.

"Labibu, ile barua niliiandika mimi. Ilikuwa uongo, kila neno. Sina cha kujitetea. Naomba unisamehe, na usiponisamehe nitaelewa."

Akafunga bomba.

"Barua ipi?" akauliza.

"Ile ya Asyut. Aliyopelekewa Abuna."

"Aa. Hiyo." Akaipangusa hewa kwa mkono. "Hiyo nilikusamehe mwaka wa kwanza. Hiyo ningeweza kujitetea kwa simu moja tu. Wewe ulidhani nilinyamaza kwa sababu ya hiyo?"

Nyuma yangu nikasikia Nardini anavuta pumzi.

Labibu akaingiza mkono ndani ya kanzu, upande wa moyo, akatoa karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka imekatika kwenye mikunjo.

"Hii ililetwa kwangu siku ileile, saa moja kabla Abuna hajaniita. Nimejaribu kuisamehe, miaka mitatu. Kesho natakiwa nilale chini ya lile pazia nikiwa sina kinyongo na mtu, na bado iko hapa." Akaninyooshea. "Wewe unaoa. Isome. Mwandiko utaujua."

"Wanis," akasema Nardini. Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. "Kabla hujaifungua, geuka unitazame."

Karatasi ilikuwa tayari mkononi mwangu.